Kitanda cha Mama: Historia Fupi ya Kuwahifadhi Wazazi wa Watoto Waliolazwa

Kamati ya kitabu hiki imetutaka tuchangie makala ya historia. Wenzetu katika kurasa nyingine wameandika juu ya ujenzi wa hekalu, wafadhili wake na mapujari waliolihudumia. Sisi tumechagua historia isiyo na picha ukutani, nayo ni historia ya mahali anapolala mzazi ambaye mwanawe amelazwa hospitalini. Msomaji akijiuliza jambo hili linaihusu nini jumuiya ya hekalu, tunamwomba subira. Mbele ya mkutano mkuu ujao iko hoja ya vyumba vyetu vya wageni, na tunaamini kwamba kabla ya kupiga kura ni vema tujue vyumba vya namna hiyo vilitoka wapi na vimewafanyia nini watu wengine.

Gharama zisizoandikwa

Mtoto anapolazwa, hospitali humwandikia faili moja na kitanda kimoja. Hata hivyo kila aliyewahi kuingia katika wodi ya watoto ya hospitali kubwa anajua kwamba mgonjwa huyo hakuja peke yake. Yupo mama, ambaye hulala kwenye mkeka kando ya kitanda, au huketi usiku kucha akiwa ameegemeza kichwa pembezoni mwa godoro. Mara nyingi yupo bibi au shangazi asiyeruhusiwa kulala wodini, naye hujihifadhi barazani ama chini ya mwembe, akiwa na kanga zake, ndoo na beseni. Nyumbani wamebaki baba na watoto wengine, na shamba ambalo halisubiri mvua ipite. Watu hawa hawaumwi, kwa hiyo hakuna daftari la hospitali linalowaandika. Lakini wanakula, wanaoga, wanafua nguo za mgonjwa, wanalipa nauli, na kila kukicha wanapima kama wataweza kubaki mjini siku nyingine moja.

Sisi wafanyabiashara tunaifahamu hesabu ya namna hii. Thamani ya mzigo haiwi bei ya kiwandani peke yake. Huongezwa usafiri, ushuru, ghala na posho ya wapagazi, na mwenye duka asiyeziandika gharama hizo atashangaa siku moja kuona rafu ni tupu na fedha haipo. Tiba nayo ni vivyo hivyo. Sera ya afya ya nchi yetu inawasamehe watoto walio chini ya miaka 5 malipo ya matibabu katika vituo vya serikali, na huo ni wema mkubwa ambao nchi nyingi hazina. Lakini msamaha huo haumlipii mama nauli ya basi kutoka Kigoma au Bukoba hadi Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, wala haumpatii uji asubuhi. Gharama hizo zimeachiwa familia, na familia ikishindwa, matibabu yote yaliyokwisha kugharimiwa huwa hasara.

Nyumba za wasafiri

Babu zetu waliotoka Kutch na Kathiawar, katika jimbo la Gujarat la leo, walilikuta tatizo la mgeni asiye na pa kulala na wakalipatia jawabu kabla hospitali za kisasa hazijajulikana kwao. Jawabu hilo huitwa dharamshala, yaani nyumba ya kupumzikia wasafiri na mahujaji, iliyojengwa kwa mali ya wenye nacho, ambamo mgeni hupata paa, maji na mahali pa kuwasha moto bila malipo au kwa malipo madogo mno. Jirani na nyumba hiyo aghalabu palikuwa na sadavrat, jiko la kuwalisha wenye njaa kila siku bila kukatiza. Wafanyabiashara wa mji walikuwa na umoja wao uitwao mahajan, na umoja huo ulihesabu visima, nyumba za wasafiri na majiko hayo kuwa miongoni mwa wajibu wa mtu aliyefanikiwa sokoni.

Mfano unaojulikana zaidi miongoni mwetu ni wa kijiji cha Virpur. Jalaram Bapa, aliyezaliwa mwaka 1799, alianzisha sadavrat mwaka 1820, akisaidiana na mkewe Virbai, kwa nafaka waliyoichuma kwa jasho lao shambani. Hawakuwa matajiri. Jiko hilo lingali linapika hadi leo, na tangu mwaka 2000 hekalu la Virpur halipokei mchango wa mtu yeyote. Mgeni afikapo haulizwi dini wala ukoo wake. Picha ya Bapa, mzee mwenye kilemba cheupe na fimbo mkononi, imetundikwa katika maduka mengi ya Wagujarati wa Afrika Mashariki. Majirani zetu ambao wameizoea kuiona nyuma ya meza ya fedha sasa watajua ni mtu wa namna gani.

Desturi hii ilivuka bahari pamoja na majahazi. Kijana aliyeshuka Zanzibar, Bagamoyo au Mombasa hakuwa na hoteli ya kwenda. Alipokewa katika duka la mtu wa kwao, akalala katikati ya magunia, akala katika jiko la tajiri wake hadi alipoijua kazi. Baadaye jumuiya zilipopata uwezo wa kujenga mahekalu na kumbi, zilijenga na vyumba vya wageni pembeni yake. Wenye maduka wa bara, waliokuja pwani kununua mali, walilala humo. Wagonjwa waliokuja kumwona daktari walilala humo pia, pamoja na ndugu zao. Vyumba 6 vilivyo nyuma ya hekalu letu ni vya ukoo huo.

Huko Bara Hindi, dharamshala na hospitali kubwa zilikutana ana kwa ana mjini Mumbai. Hospitali ya saratani ya Tata Memorial ilifunguliwa mwaka 1941, na kwa kadiri sifa zake zilivyoenea, ndivyo familia kutoka kila pembe ya nchi zilivyomiminika. Mgonjwa alipata tiba. Ndugu zake walilala kando ya barabara. Miongoni mwa waliowafungulia mlango ni dharamshala iliyoko mtaa wa Dadar, yenye jina la Gadge Maharaj. Mtakatifu huyo wa Maharashtra, aliyeishi kuanzia mwaka 1876 hadi 1956, alitoka katika ukoo wa madobi. Alitembea vijijini na ufagio, akifagia kwanza na kuhubiri baadaye, na michango aliyopewa aliijengea nyumba za wasafiri na shule. Mwaka 2006 ukaanzishwa mjini humo mpango wa St. Jude India ChildCare Centres, unaowapa watoto wenye saratani na wazazi wao chumba safi na mahali pa kupikia bila malipo katika kipindi chote cha matibabu. Saratani ya damu, kwa mfano, yaweza kutibiwa kwa zaidi ya miaka 2. Hakuna jamaa wa mjini anayeweza kumkaribisha mgeni kwa muda huo wote bila kuchoka.

Hospitali zilizofunga mlango

Tumetaja Mumbai kwa sababu hospitali zake, kama zetu, zilifuata mtindo uliotoka Ulaya, na mtindo huo wa Ulaya ulikuwa na historia yake kuhusu wazazi. Hospitali ya watoto ya Great Ormond Street ilifunguliwa London mwaka 1852 ikiwa na vitanda 10. Hospitali za watoto zikaongezeka, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 zikazoea kuwazuia wazazi wasiingie. Hofu ya kuambukiza maradhi ilikuwa sababu mojawapo. Sababu nyingine ni kwamba mtoto alilia kila mama yake alipoondoka, na wakuu wa wodi wakaona ni afadhali asimwone. Mzazi aliruhusiwa saa chache katika juma, na mahali pengine hata hizo hakupata. Mtoto aliyenyamaza alihesabiwa kuwa ametulia.

Waliopinga walikuwa wachache, lakini hawakuchoka. Katika mji wa Newcastle, daktari James Spence aliwaruhusu akina mama kulala hospitalini na watoto wao wachanga tangu miaka ya 1920, akawaacha wawauguze kwa mikono yao wenyewe. Mwaka 1952 James Robertson alionyesha filamu aliyoipiga yeye, ya mtoto wa kike wa miaka 2 aliyekaa hospitalini siku 8 bila mama yake. Wengi katika ukumbi walikasirika, lakini wapo waliotambua kwamba kile walichokiita utulivu kilikuwa huzuni. Mwaka 1959 kamati iliyoongozwa na Sir Harry Platt iliishauri serikali ya Uingereza kwamba wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao wakati wowote, na kwamba mama wa mtoto mdogo apewe nafasi ya kulala naye. Ushauri ulichapishwa, lakini hospitali nyingi zilibaki kama zilivyokuwa. Mwaka 1961 akina mama wa mtaa wa Battersea, London, wakaunda chama chao, wakaanza kuzifuata hospitali moja baada ya nyingine kuzitaka zitekeleze. Jambo ambalo kamati ya wataalamu ililipendekeza lilihitaji majirani wa kulisukuma.

Barani Afrika mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Daktari Cecily Williams, mzaliwa wa Jamaika aliyefanya kazi Gold Coast, nchi iitwayo Ghana leo, ndiye aliyeufahamisha ulimwengu wa tiba mwaka 1935 jina kwashiorkor, neno la lugha ya Waga wa Accra kuhusu maradhi yanayompata mtoto anapozaliwa mdogo wake. Jina lenyewe lilimfundisha kwamba ugonjwa wa mtoto hauwezi kuelezwa pasipo kumtazama mama, naye aliwataka akina mama wawe karibu na watoto wao katika matibabu. Hospitali zetu za Afrika Mashariki nazo zimemtegemea sana ndugu wa mgonjwa. Ndugu ndiye anayemlisha, anayemwogesha, anayekimbia kununua dawa iliyokosekana. Kwa hiyo mlango ambao akina mama wa London waliupigania, huku kwetu ulikuwa wazi. Kilichokosekana kwetu ni mahali pa huyo mama kulaza ubavu baada ya kuingia.

Nyumba ya Philadelphia

Katika miaka ya 1970, mji wa Philadelphia nchini Marekani ulipata jawabu ambalo limeenea duniani, nalo linafaa kuchunguzwa na wafanyabiashara kwa makini. Mchezaji wa timu ya Eagles, Fred Hill, alikuwa na binti mdogo mwenye saratani ya damu. Yeye na mkewe walilala kwenye viti vya hospitali na kula vyakula vya mashine, nao waliwaona wazazi wengine waliotoka mbali wakifanya hivyohivyo bila kuwa na mshahara wa mchezaji. Hill akawashirikisha wenzake wa timu. Wakati huohuo daktari Audrey Evans, bingwa wa saratani za watoto katika hospitali ya watoto ya mji huo, alikuwa ametamani kwa muda mrefu kupata nyumba karibu na hospitali ambamo familia za wagonjwa wake wangekaa.

Jim Murray, meneja wa timu, aliwakutanisha watu hawa na wenye migahawa ya McDonald's wa eneo hilo. Migahawa ikakubali kutoa mapato ya kinywaji cha maziwa cha rangi ya kijani kilichouzwa msimu wa sikukuu ya Mtakatifu Patrick, kwa sharti kwamba nyumba ipewe jina la Ronald McDonald, kikaragosi cha matangazo yao. Tarehe 15 Oktoba 1974 nyumba ikafunguliwa. Leo kazi iliyoanzia hapo inaendeshwa katika nchi zaidi ya 60.

Tuitazame nyumba hiyo kama tunavyoitazama ubia wa biashara. Daktari hakuwa na fedha, lakini alijua kwa hakika ni familia gani zinahitaji kitanda na kwa siku ngapi. Timu haikuwa na ujuzi wa tiba, lakini ilikuwa na jina na umati wa mashabiki. Migahawa haikuwa na lolote kati ya hayo, lakini ilikuwa na bidhaa inayouzika, na ilipata faida ya kujulikana kwa wema. Kila mmoja alileta alichokuwa nacho tayari, na hakuna aliyeombwa kuleta asichokuwa nacho. Mtu anaweza kunung'unika kwamba jina la duka limebandikwa kwenye sadaka. Sisi ambao majina ya wazee wetu yamechongwa kwenye marumaru mlangoni hatuna haki ya kunung'unika sana, na mama aliyelala kitandani usiku ule hakusumbuliwa na kibao cha nje.

Dar es Salaam, kutoka Sewa Haji hadi leo

Huku kwetu historia ya ushirikiano huu ni ya zamani kuliko nyumba ya Philadelphia. Katika miaka ya 1890, wakati wa utawala wa Wajerumani, mfanyabiashara wa Bagamoyo aitwaye Sewa Haji Paroo, aliyetajirika kwa kuiandalia misafara mahitaji yake, alitoa fedha za kujenga hospitali ya Waafrika na Wahindi mjini Dar es Salaam. Alitoa pia jengo la shule Bagamoyo, kwa sharti kwamba watoto wa rangi zote wasome humo. Alifariki mwaka 1897, akiwa ameacha wasia wa mali kwa ajili ya wagonjwa na wenye ukoma. Hakuwa Mhindu wa dini. Alikuwa Mwislamu wa Kiismaili, mwenye asili ya Kutch kama wengi wetu. Kazi ya hospitali yake ilirithiwa na hospitali iliyofunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret, ambayo baada ya uhuru ikaitwa Muhimbili. Hadi leo lipo Muhimbili jengo la wodi liitwalo Sewahaji, na wagonjwa wengi wanaolazwa humo hawajui kwamba jina hilo ni la mtu.

Kwa maradhi ya moyo ya watoto, ushirikiano ulichukua sura nyingine. Upasuaji wa moyo ulipokuwa haujaanza nchini, mtoto aliyezaliwa na tundu moyoni alikuwa na tumaini moja, nalo ni kupelekwa nje. Daktari Rajni Kanabar wa hospitali ya Regency, pamoja na Lions Club ya Dar es Salaam, waliendesha kwa miaka mingi mpango wa kuwapeleka watoto hao India, kwa michango ya wafanyabiashara na wananchi na kwa nafuu ya bei iliyotolewa na hospitali za huko. Mwaka 2008 upasuaji wa moyo ulianza Muhimbili, na mwaka 2015 ikaanza kazi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Tiba imerudi nyumbani, nasi tunashukuru. Lakini kwa mama wa Bukoba, Dar es Salaam nayo ni ugenini.

Saratani ndiyo inayoonyesha waziwazi uzito wa kitanda cha mama. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza aina ya saratani inayovimbisha taya za watoto wa Afrika, na baadaye ikajulikana kwamba wengi wao wanaweza kupona kwa dawa. Habari njema kama hiyo imeenea kwa saratani nyingine za watoto. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto na vijana wapatao 400,000 hupata saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 yao hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo liliweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 angalau asilimia 60 ya watoto hao duniani wapone. Miongoni mwa sababu za tofauti hiyo limetaja kuchelewa kuutambua ugonjwa, uhaba wa dawa, na kuacha matibabu kabla hayajakamilika.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayotuhusu sisi tusio madaktari. Mzazi haachi matibabu kwa kutompenda mtoto wake. Huyaacha uvimbe unapopungua, fedha zinapokwisha, na wale wengine nyumbani wanapopiga simu kwamba hakuna unga. Anasema atarudi mwezi ujao. Saratani haingoji mwezi ujao, nayo ikirudi huwa sugu kuliko mwanzo. Basi kitanda, sahani ya wali na tiketi ya basi ni sehemu ya dawa kama ilivyo chupa inayoning'inia juu ya kitanda cha mtoto.

Hapa Dar es Salaam hayo yameeleweka. Shirika la Tumaini la Maisha, ambalo daktari Trish Scanlan kutoka Ireland ni miongoni mwa waasisi wake, linashirikiana na Muhimbili kuwatibu watoto wenye saratani bila familia kulipa, na limeweka nyumba ya kufikia familia iitwayo Ujasiri, ili mtoto anayesubiri awamu nyingine ya dawa asilazimike kurudi kijijini. Jina hilo la Kiswahili limechaguliwa vema. Mahitaji, hata hivyo, hayaishii kwenye saratani. Mtoto aliyeungua, mwenye maji kichwani, mwenye moyo mgonjwa, aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia, kila mmoja ana mama.

Vyumba vyetu 6

Sasa turudi nyuma ya hekalu. Vyumba vya wageni vilijaa katika siku za wazee wetu, kisha vikaanza kupwaya. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, na baada ya sheria ya mwaka 1971 iliyotwaa majengo ya kupangisha, ndugu zetu wengi walihamia Uingereza, Kanada na kwingineko. Maduka ya bara yaliyokuwa yakituletea wageni yalifungwa au yakabadili wenyewe. Waliobaki walipata hoteli na simu. Kwa miaka mingi sasa vyumba hivyo vimehifadhi viti vya harusi, masufuria makubwa ya Navratri na mabango ya sherehe zilizopita.

Hoja iliyopo ni kuvipangisha viwe ofisi. Wanaoiunga mkono ni watu wema na hesabu yao ni ya kweli: paa la jengo la nyuma linavuja, mshahara wa pujari hauwezi kucheleweshwa, na bili ya umeme haisomi maandiko. Hatuandiki kuwapinga kwa ukali. Tunaomba tu kwamba hoja ya pili iwekwe mezani kando ya hiyo ya kwanza: vyumba 4 vitengwe kwa ajili ya akina mama wa watoto waliolazwa, na vyumba 2 vya mbele vipangishwe, ili kodi yake iezeke paa na kulipia maji na umeme wa vile vingine.

Msingi wa jambo hili umekwisha kuwekwa. Akina mama wa hekalu letu wamekuwa wakipika khichdi na kuipeleka katika hotpoti kwa ndugu wa wagonjwa kila mwezi mpevu, na majirani wamesaidia bila kuombwa. Mama lishe wa kona ametuazima masufuria. Vijana wa kituo cha bajaji wamebeba chakula kwa nusu ya nauli. Mwezi wa Ramadhani ulipoangukia siku yetu ya kupika, waumini wa msikiti wa jirani walileta tende na maji ili waliofunga miongoni mwa ndugu wa wagonjwa wafuturu pamoja na wengine. Huo ndio ubia, ingawa haujawahi kuandikwa kwenye karatasi.

Tukikubaliana, yapo mambo ambayo historia tuliyoisimulia inatufundisha kuyaweka sawa mapema. Afisa ustawi wa jamii wa hospitali ndiye atakayeamua nani apewe kitanda, kwa kuwa yeye anaijua hali ya kila familia, nasi hatutakuwa na la kuuliza juu ya dini au kabila. Jiko la hekalu halipiki nyama, samaki wala mayai, na mgeni ataelezwa hilo kwa heshima siku ya kwanza; anayetaka kitoweo atakipata kwa mama lishe nje ya lango. Maji ya kunywa yatachemshwa, kwa kuwa mtoto aliye katika dawa za saratani hana kinga ya kupambana na maji machafu. Mlango utafungwa saa nne usiku, lakini utafunguliwa saa yoyote hospitali itakapopiga simu.

Tena si kila mtoto atapona. Ni lazima tuliseme hili katika kitabu cha sherehe, maana nyumba ya aina hii itapokea msiba siku moja, na yafaa msiba huo ukute watu waliojiandaa. Mama aliyefiwa asiambiwe atoe vitu vyake asubuhi. Apewe siku zake, apate mtu wa kukaa naye, na pawe na fedha kidogo iliyotengwa ya kumrudisha yeye na maiti ya mwanawe kwao. Majirani zetu Waswahili wanajua kushika matanga kuliko sisi, nasi tutawategemea katika hilo.

Kila Diwali tunayaleta madaftari yetu mapya ya biashara mbele ya mungu Ganesh na mungu wa kike Lakshmi, na kabla ya kuandika hesabu yoyote tunaandika maneno mawili, shubh na labh, yaani heri na faida. Heri huandikwa ya kwanza. Tunapendekeza kwamba Diwali ijayo hekalu lifungue daftari moja la nyongeza, lenye kurasa 12, moja kwa kila mwezi, na kila familia au duka linaloweza lichukue mwezi mmoja wa unga, mchele, dengu, sabuni na nauli. Majirani wasio wa dini yetu wanakaribishwa kuandika majina yao katika daftari hilohilo, kama ilivyokuwa heshima kwetu kuandika yetu katika michango ya misikiti na makanisa yao.

Mkutano mkuu utatangazwa kwenye ubao wa lango kuu. Tunawaomba wanachama wahudhurie, na kabla ya siku hiyo wapite nyuma wavione vyumba vyenyewe. Funguo ziko kwa mlinzi. Viti vya harusi vinaweza kuhamishiwa stoo ya ukumbi kwa siku moja ya kazi, na vijana wameshajitolea kuvibeba.